Kwa Nini Norton Ilitundika Injini kwenye Mpira

Pistoni ikifika juu ya silinda husimama, kisha hugeuka kurudi chini. Hapo ndipo inapoanzia ile ganzi ya viganja anayoshuka nayo mwendeshaji baada ya saa moja barabarani. Chukua pikipiki ya Norton Commando, ambayo pistoni zake husafiri milimita 89. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila pistoni husimama na kugeuka mara 200 kwa sekunde, na kule juu huvuta konrodi kwa nguvu inayoshinda uzito wake zaidi ya mara 2,000. Nguvu hiyo hushuka kwenye krankshafti, ikapita beringi, ikaingia kwenye fremu, na mwisho wake ni mifupa ya aliyekaa juu.

Mkondo wa injini za silinda mbili kama yake ulifunguliwa na Edward Turner wa Triumph mwaka 1937, alipotoa Speed Twin ya sentimita za ujazo 498. Silinda mbili zilisimama bega kwa bega, pistoni zikipanda na kushuka pamoja. Pamoja, kwa sababu moja inaposukumwa na moto nyingine huwa inavuta mafuta na hewa, hivyo kila mzunguko hupata mlipuko mmoja, kwa nafasi zilizo sawa. Mngurumo wake ni mtamu, na kabureta moja inatosha. BSA, Norton na Royal Enfield nao wakatengeneza za namna hiyo. Ila kwa upande wa mtetemo, pistoni mbili zinazokwenda pamoja ni kama pistoni moja nzito.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza uzito wa kusawazisha kwenye krankshafti, upande wa pili wa pistoni. Dawa hiyo hutibu nusu tu. Pistoni ikiwa juu, uzito uko chini na vinapingana vizuri. Robo mzunguko baadaye pistoni iko katikati ya safari, na uzito umeelekea mbele bila cha kuupinga, sasa wenyewe ndio unaoivuta injini. Kwa hiyo mhandisi husawazisha sehemu tu ya uzito wa pistoni, na kuugawa mtetemo uliobaki: kiasi juu na chini, kiasi mbele na nyuma. Ndiyo maana injini ileile ikihamishiwa fremu nyingine hutikisa vingine.

Mwendo wa injini ukiongezeka mara mbili, nguvu hii huongezeka mara nne. Injini za sentimita za ujazo 500 zilipokuzwa kufika 650, kisha 750, boliti zililegea, nyuzi za balbu zikakatika, mabano ya tangi yakapasuka.

Wengine walikuwa wamepita njia tofauti. BMW, tangu R32 ya mwaka 1923, ililaza silinda pande mbili zikipeana migongo, pistoni moja ikifuta nguvu ya mwenzake. (Mpango huo huitwa boksa, usiuchanganye na pikipiki ya bodaboda yenye jina hilo, ambayo ina silinda moja.) Ducati nayo baadaye ilipanga silinda zake kwa pembe ya nyuzi 90.

Norton hawakuwa na injini mpya. Walichofanya mwaka 1967, chini ya Dk. Stefan Bauer pamoja na Bernard Hooper na Bob Trigg, nakiheshimu kuliko injini nyingi mpya. Kutundika injini peke yake kwenye mpira kungeifanya icheze huku gurudumu la nyuma limetulia, na mnyororo ungeivuta upande. Wao walifunga injini, gia boksi na mkono wa gurudumu la nyuma kuwa kitu kimoja, kisha wakakitundika chote kwenye mipira ndani ya fremu. Mnyororo haukujua kitu. Mwendeshaji alibaki upande wa pili wa mpira.

Ugumu wote uko kwenye nafasi ya pembeni. Mpira unaruhusiwa kucheza juu na chini, mbele na nyuma, lakini si kushoto na kulia, la sivyo pikipiki inayumba kwenye kona. Nafasi hiyo hupimwa kwa fila geji: robo ya milimita hivi, ikipangwa kwa vibati vyembamba. Ikibana zaidi, mtetemo unavuka na faida yote inapotea.

Simama kando ya Commando inayonguruma bila gia: injini inacheza ngoma, gurudumu la mbele linadunda taratibu. Kisha iendeshe, ipandishe kupita mizunguko 3,000 kwa dakika na vioo vya pembeni vinatulia, unaona tena uso wa dereva wa nyuma yako. Wasomaji wa gazeti la Motor Cycle News waliichagua pikipiki ya mwaka mara 5 mfululizo, 1968 hadi 1972.

Mwenye Commando akilalamika kwamba yake inatikisa kama gari moshi, mimi sianzi na kabureta. Namwomba fila geji. Mara nyingi bati lake jembamba kuliko yote haliingii, na tukifungua, vibati vimegandana kwa kutu.