Wati za transmita: Jinsi fundi anavyoweza kuzipima nyumbani

FUNDI anayeunda transmita ndogo ya redio nyumbani hukumbana na swali gumu: je, chombo hicho kinatoa wati ngapi? Mita ya kawaida haiwezi kumjibu moja kwa moja. Imeundwa kupima umeme wa nyumbani, ambao hurudia mzunguko wake mara 50 kwa sekunde, ilhali mawimbi ya redio hufanya hivyo mara mamilioni.

Suluhisho ni nafuu. Badala ya antena, transmita huunganishwa na mzigo bandia wa omu 50. Resista 20 za omu 1,000, kila moja ya wati 2, zikiunganishwa sambamba hutoa omu 50 na kustahimili wati 40. Ziwe za kaboni. Zile za waya uliozungushwa hugeuka koili na kupotosha kipimo. Kuwasha transmita bila mzigo wowote kwaweza kuunguza transista ya mwisho, ambayo aghalabu ndiyo ghali zaidi.

Kisha dayodi na kapasita ndogo hugeuza mawimbi hayo kuwa umeme mnyofu kama wa betri, ambao mita ileile husoma. Fundi huongeza takriban volti 0.6 zinazopotea katika dayodi ya silikoni, huzidisha jumla kwa yenyewe na kugawanya kwa 100. Kwa mfano, jumla ya volti 31.6 ni wati 10.

Anayegawanya kwa 50 husahau kwamba kilichosomwa ni kilele cha wimbi, na hujipatia wati 20 za uongo. Ikiwa transmita inakula wati 20 za betri, ataiona kamilifu, kumbe nusu yake ni joto linaloitafuna transista.