Upepo humdanganya mwendesha baiskeli Pwani

MTALII aondokaye Watamu alfajiri kwa baiskeli huyafikia magofu ya Gede, umbali wa takriban kilomita 6, jua likiwa bado pole.

Hatari hujitokeza baadaye, akielekea Malindi. Upepo wa mwendo hukausha jasho, naye hujihisi mkavu ilhali mwili unapoteza maji na chumvi. Anaposimama, upepo hukoma na joto humlemea ghafla. Kizunguzungu, maumivu ya kichwa na mkojo wa rangi nzito ni dalili za kupungukiwa maji.

Yafaa basi anywe kabla ya kiu na kupumzika kivulini kuanzia saa sita hadi saa tisa. Dafu na viazi karai vyenye chumvi hurejesha kilichopotea.

Afikaye salama si mwenye miguu yenye nguvu, bali ajuaye saa ya kutua.