Kabla ya Kumwita Fundi, Kiulize King'amuzi

Ndugu msikilizaji, juma hili tuiache kidogo siasa na bei ya sukari, tuzungumze juu ya kile kijisanduku kilichokaa chini ya televisheni sebuleni kwako. Saa sita usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na tangu hapo televisheni ya zamani haioni kitu bila king'amuzi. Tulikinunua, tukakifunga, lakini wachache kati yetu walielezwa jinsi ya kukipanga.

Malalamiko ninayoyasikia ni yaleyale. Nyuso zimenenepa, picha inapanda juu kama pazia, rangi zimetoweka, au kioo kinaandika kwamba hakuna mawimbi. Mama mmoja wa mtaani kwetu aliambiwa na fundi kwamba televisheni yake imekufa, atafute nyingine. Televisheni ilikuwa nzima kabisa. Kilichoharibika ni chaguo moja tu katika menyu ya king'amuzi.

Ili tuelewane, tuanze na kazi yenyewe. Kituo cha televisheni cha dijitali hakirushi kila picha nzimanzima, maana zingejaza njia yote. Hurusha picha zilizofinywa. Ukuta ulio nyuma ya msoma habari, kwa mfano, hautumwi upya kila mara, kwa sababu haubadiliki. Ndani ya king'amuzi kuna chipu ambayo kazi yake ni kuzikunjua picha hizo. Ikishazikunjua hubakiwa na maswali mawili: nizitoe kwa umbo gani, na kwa mwendo gani?

Ukitumia waya wa HDMI, televisheni hujitambulisha na kusema inaweza kupokea nini. Lakini ukitumia zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, utambulisho haupo. King'amuzi hutoa na televisheni hupokea, waelewane wasielewane. Hapo anayejibu maswali ni wewe mwenye rimoti.

Tuanze na umbo. Marekani ilipopitisha mtindo wake wa rangi, NTSC, mwaka 1953, picha ilikuwa na mistari 525 na picha zipatazo 30 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wao ni wa mizunguko 60. Ulaya, yenye umeme wa mizunguko 50, ilikuwa na mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Mwaka 1963 Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, Ujerumani Magharibi, alionyesha mtindo wa rangi uitwao PAL. Huo ndio tulioufuata huku kwetu, Zanzibar tangu 1973 na Bara tangu 1994. Sasa, kiwanda hutengeneza ving'amuzi vya kuuza dunia nzima, hivyo menyu ina mitindo yote miwili. Mtoto akichezea rimoti na kuchagua NTSC, televisheni ya zamani inayojua PAL peke yake itaonyesha picha nyeusi na nyeupe, au picha itakayopanda bila kutulia.

Swali la pili ni la mwendo. Chipu hufanya kazi kwa saa inayopiga mara milioni 27 kwa sekunde. Kwa mtindo wa PAL, kila mstari hupewa mapigo 1,728. Zidisha kwa mistari 625, kisha kwa picha 25, unapata milioni 27 kamili. Kituo nacho kina saa ya namna hiyo, na pamoja na picha hutuma habari za saa yake ili king'amuzi kiifuate, kama askari wa gwaride wafuatavyo ngoma. King'amuzi kikienda mbio, picha zitakiishia kabla nyingine hazijafika. Kikichelewa, zitarundikana. Tena kila picha na kila kipande cha sauti huja na muhuri wa wakati wa kutolewa. Ndiyo maana midomo ya msemaji hulingana na maneno yake.

Saa hiyo hatuigusi, lakini menyu hutuuliza tunataka 50 au 60. Vituo vyetu hurusha kwa 50. Ukichagua 60, chipu italazimika kurudia picha moja kila baada ya tano ili kujaza pengo. Utauona mpira ukienda kwa kushtukashtuka, na yale maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari yatakwenda kwa kusitasita.

Basi fanya hivi. Chagua PAL, na mwendo wa 50. Kwa televisheni ya zamani yenye kioo cha karibu mraba, chagua 4:3, na kwa ile pana, 16:9. Nyuso zitarudi katika hali yake. Kwa HDMI kuna namba 576, 720 na 1080, ambazo ni hesabu ya mistari ya picha. Chagua ile ambayo televisheni yako inaiweza, maana ukizidisha kioo kitabaki cheusi. Kikiwa cheusi usikimbilie dukani. Baadhi ya rimoti zina kitufe cha kubadilisha namba hizo, kibonyeze taratibu mpaka picha irudi.

Na kama sauti unaipitisha kwenye spika za pembeni, ikatangulia midomo, tafuta katika menyu sehemu ya kuchelewesha sauti. Televisheni bapa huchukua muda kuiandaa picha, na sauti haiwezi kuingoja bila kuamriwa. Ongeza kidogo kidogo. Elfu 40 za sekunde, kwa maana ya sehemu 40 katika elfu moja, ni sawa na picha moja ya PAL.

Neno langu la mwisho ni kwa wauzaji. Mtu anayetoa fedha yake ngumu anastahili kuonyeshwa menyu hiyo kabla hajabeba boksi, na kupewa karatasi ya maelezo kwa Kiswahili. Nawe msikilizaji, siku utakapoambiwa televisheni imekufa, mwombe fundi akufungulie kwanza menyu ya king'amuzi mbele ya macho yako, ndipo mzungumze bei.