Mhusika asiye na kisa humfunza mtoto kutunga

Katika somo la insha, mhusika ninayemtumia sana ni Hatsune Miku, mwimbaji wa Japani asiye na mwili. Ni programu ya kuimba iliyotolewa na kampuni ya Crypton mwaka 2007, kwa sauti ya mwigizaji Saki Fujita. Kampuni ilimpa umri wa miaka 16, kimo cha sentimita 158 na nywele ndefu za rangi ya feruzi. Kisa chake iliwaachia mashabiki.

Pengo hilo ndilo somo. Nawauliza wanafunzi: anaogopa nini? Kompyuta ikizimwa, yeye huenda wapi? Hapo mianzo ya insha waliyoikariri kwa ajili ya mtihani haiwafai kitu. Kila mtoto hubuni lake, na utunzi huanzia hapo.