Form ya wikendi bila kuumiza mfuko: Ingia Karura

WIKENDI ikifika, mbogi nyingi jijini Nairobi hukwama kwenye swali lile lile: tunaenda wapi, na pesa ndio hizi kidogo? Ukienda kwenye maduka makubwa utaishia kutazama vitu usivyoweza kununua. Mkahawani, vikombe viwili vya kahawa vishameza nauli ya wiki. Mwishowe watu hulala na simu mkononi hadi Jumatatu.

Ilhali ndani ya jiji hili hili kuna zaidi ya hekta 1,000 za miti, mito, maporomoko ya maji, mapango na ziwa dogo. Huo ni Msitu wa Karura, msitu wa serikali ulio chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS), ambalo kwa miaka mingi limeusimamia pamoja na chama cha kijamii cha Friends of Karura Forest.

Wapo wanaodhani Karura ni ya mabwenyenye wa Muthaiga na Runda. Wanakosea. Matatu za Ruaka na Banana hupita kwenye geti la barabara ya Limuru, na za Kiambu hukushusha upande wa pili. Kwa miaka mingi kiingilio cha Mkenya mtu mzima kimekuwa kikizunguka shilingi 100. Hakikisha bei kabla ya kutoka nyumbani, na uweke pesa kwenye simu kwa sababu getini hawapokei noti.

Utafanya nini huko?

Kwanza, kutembea. Kuna njia za zaidi ya kilomita 50 za wanaotembea, wanaokimbia na wanaoendesha baiskeli. Huna baiskeli? Zipo za kukodi. Kwenye makutano ya njia kuna nguzo zenye nambari. Piga picha ramani iliyo getini kabla ya kuingia. Mkipotezana na wenzako, usiwaambie "niko karibu na mti mkubwa". Wasomee nambari ya nguzo.

Wengi huelekea moja kwa moja kwenye maporomoko ya Mto Karura, yenye urefu wa kama mita 15. Si mbali na hapo kuna mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha wakati wa vita vya ukombozi. Vaa viatu vya kushika ardhi, hasa mvua ikiwa imenyesha. Raba nyeupe za kupigia picha zitarudi na rangi nyingine.

Ukitaka utulivu, tafuta Lily Lake, ziwa dogo lenye mayungiyungi. Usitarajie Naivasha. Hapa watu huja kukaa, kutazama ndege na kuipumzisha akili. Kuogelea usijaribu, iwe ziwani au mtoni. Maji ya mito hii yamepitia mitaa mingi kabla ya kufika msituni.

Inua macho pia. Mbega, wale nyani weusi wenye manyoya marefu meupe, waliletwa hapa kutoka Kipipiri, Nyandarua, kuanzia mwaka 2014. Kima nao wako tele, na hawaombi ruhusa. Ukiacha mkoba wazi, ndizi si yako tena.

Vyoo vipo, sehemu za kuegesha magari zipo, mkahawa upo, na viwanja vya pikiniki vipo. Ila kama mfuko ni mwepesi, funga chapati zako nyumbani. Maji beba kwenye chupa ya kujaza tena, kwa sababu tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja na kutupa zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga za taifa. Mbwa anaruhusiwa, mradi awe kwenye kamba. Jioni msitu hufungwa, kwa hivyo usisubiri giza likukute katikati.

Msitu uliopiganiwa

Raha hii yote ilikaribia kupotea. Katika miaka ya 1990, sehemu za Karura ziligawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Januari 8, 1999, Profesa Wangari Maathai alifika na wenzake kupanda miti, wakavamiwa na genge la wanaume. Alijeruhiwa kichwani. Wiki chache baadaye, wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani kuutetea msitu na kukabiliana na polisi. Walikuwa vijana wa umri wako. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hata baada ya hapo, watu wengi waliogopa kuingia. Karura ilijulikana kama maficho ya wezi, na mtu mwenye akili timamu hakukatiza huko peke yake. Hali ilibadilika kuanzia karibu mwaka 2010, ua wa umeme ulipowekwa, walinzi wakaanza doria na mageti yakafunguliwa kwa umma. Familia zilipoanza kujaa, wezi wakakosa pa kujificha.

Ndiyo maana kwenda Karura si starehe tu. Msitu usio na watu ni rahisi kunyemelewa. Wenye maelfu ya wageni kila wikendi una macho mengi. Mwaka 2024, mpango wa kumega sehemu yake ili kupanua barabara ya Kiambu ulizua kelele kubwa. Mwaka 2025, mzozo kuhusu ada za kiingilio zilipwe wapi na nani azisimamie ulifika hadi mahakamani. Kwa miaka mingi ada hizo zimesaidia kulipa walinzi na kutengeneza njia, kwa hivyo una haki ya kuuliza zinakoenda.

Basi wikendi hii panga safari na wenzako. Fikeni asubuhi kabla ya jua kali, tembeeni hadi miguu ichoke, na mkitoka, takataka zenu mtoke nazo.