Kibarua bila barua

Kila ninapokaa na wenye biashara hapa Mombasa, iwe Marikiti, Kongowea au barazani baada ya Isha, mazungumzo hayakosi kufika pale pale: vijana wa siku hizi hawana moyo wa kazi. Kijana anachelewa, akitumwa ananuna, simu haimtoki mkononi. Akishapokea chake mwisho wa mwezi, siku mbili haonekani. Kisha hufuata lile neno ambalo sisi tumelisikia hadi limetuchosha, kwamba mtu wa Pwani hapendi kazi.

Mengine ni kweli. Mimi nimekaa nyuma ya kaunta kama mwajiriwa, na nimekuwa msimamizi wa zamu, na wapo vijana ambao hata ungewalipa dhahabu wangefika saa nne. Lakini hao ni wachache. Wale wengi, moyo wa kazi walikuja nao. Wiki ya kwanza walikuwa wakifika kabla mlango haujafunguliwa. Ikiwa sasa moyo ule haupo, basi umeishia humo humo kazini, na tajiri ana haja ya kujua umeishaje.

Tuanze na neno lenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Zamani katika miji yetu, mfanyakazi wa siku alikuwa na kikaratasi cha kuonyesha kazi aliyoifanya ili apate ujira wake, na jina la karatasi likamganda mwenyewe. Leo jina limebaki, karatasi imepotea. Kijana anaambiwa "njoo na kesho", na kesho hiyo inafika miaka minne. Likizo hana, akiugua siku hailipwi, na hajui kama Jumatatu ijayo ana kazi au hana. Halafu tunamtaka awe na uchungu na biashara kama vile ni ya babake.

Wengi hawajui kwamba sheria imeshalizungumzia jambo hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika ndani ya miezi mitatu, basi huyo si kibarua tena. Anahesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mwezi, na huwezi kumwambia jioni asirudi asubuhi, anastahiki notisi. Kuandika jina lake kwenye daftari la vibarua kila siku hakubadilishi kitu. Na ajira ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa iwe ya maandishi.

Tajiri akisikia hivyo huona karatasi ni mtego wa kumfunga yeye. Ni kinyume. Mkifikishana kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na mkataba wa maandishi huna, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unakuangukia wewe mwajiri. Kijana atasema lake, nawe utabaki kuapa.

Sasa nije kwenye shoti, maana hapa ndipo nilipoona moyo wa watu ukifa kwa macho yangu. Mahali fulani nilipofanya kazi, makashia watatu walitumia droo moja. Jioni pesa zikipungua, shoti iligawanywa kwa tatu na kukatwa mishahara. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa zamu. Baada ya miezi michache kila kashia alikuwa na njia yake ya kujikinga. Mmoja alificha chenji pembeni kwa ajili ya siku mbaya. Mwingine alimrudishia mteja peremende badala ya shilingi tano. Watatu wale, ambao walikuwa wakila pamoja, wakawa hawasalimiani. Meneja akasema ana wafanyakazi wenye tabia mbaya. Kwangu mimi tabia ile ilifundishwa pale pale: ukimkata mtu kosa lisilo lake, unamfundisha kwamba uaminifu hauna faida.

Sheria nayo haikuacha jambo hili wazi. Kifungu cha 19 kinaruhusu kukata upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unataja wazi kwamba amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Sasa yule asiye na mkataba unamkata kwa msingi gani? Kwa mali iliyoharibika au kupotea, kiasi cha kukata kiwe cha busara, na iwe mfanyakazi amefanya kwa makusudi. Sahani iliyoteleza mkononi mwa mwosha vyombo si makusudi. Dawa ya shoti yenyewe ni rahisi: kila kashia na droo yake, pesa zihesabiwe wakati wa kupokezana zamu mbele ya wote wawili, na kila mmoja atie sahihi. Daftari la kazi hiyo halifiki bei ya sahani ya biriani.

Makato mengine ni ya serikali, na hayo pia yanaharibu uhusiano yasipoelezwa. Mfanyakazi anakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, asilimia 1.5 ya nyumba, na NSSF juu yake. Kwa mshahara mdogo ni pesa nyingi. Asiyepewa karatasi ya mshahara anaona tu kimepungua, na anayemshuku ni tajiri, kumbe tajiri mwenyewe analipa asilimia 1.5 nyingine ya nyumba kutoka mfukoni mwake. Mwonyeshe hesabu. Ataikasirikia serikali, si wewe.

Mahotelini kuna la ziada. Kuanzia Diani hadi Malindi wageni hupungua masika yakiingia, Aprili hadi Juni, na watu hupelekwa nyumbani. Hili halina wa kulaumiwa. Hoteli tupu haiwezi kulipa watu wote. Kinachouma ni namna. Yupo anayeambiwa mwezi mmoja kabla, kwa maandishi, pamoja na tarehe ya kurudi, akapata muda wa kupanga karo na kutafuta cha kufanya. Yupo anayefika getini asubuhi na kuambiwa na askari kwamba jina lake halipo. Desemba watu hawa wawili wakirudi, usitarajie watamchekea mgeni kicheko kimoja.

Lipo pia suala la ratiba. Kwa sisi Waislamu Ijumaa adhuhuri si saa ya kubembelezana, na kwa wenzetu Wakristo ni Jumapili asubuhi. Katiba, ibara ya 32, inakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya dini yake. Penye wafanyakazi wa dini zote mbili mambo haya hupangika bila ugomvi, kwa kupokezana, mradi ratiba ibandikwe ukutani wiki moja kabla. Inayoleta ugomvi ni ile ratiba inayokaa kichwani mwa msimamizi, kwa sababu huko ndiko upendeleo unakojificha. Mwezi wa Ramadhani hali huwa hiyo hiyo, na zaidi.

Na hata kosa likiwa la kweli, kuna njia yake. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kisha asikilizwe. Anayeruka hatua hiyo anaweza kuamriwa na mahakama kulipa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Nimewahi kukaa kwenye vikao kama hivyo, na mara nyingi ndipo msimamizi anapojua kwamba anayechelewa anatoka Likoni na feri ilikwama, au ana mama mgonjwa ndani. Kuna waliobadilishiwa zamu tu, tatizo likaisha. Na kuna waliofukuzwa baada ya kusikilizwa, wakaondoka bila kelele.

Wazee walisema chanda chema huvikwa pete. Siku hizi chanda chema huongezewa kazi, na pete anapewa mpwa wa meneja.

Kwa wewe uliyeko upande wa kufanya kazi: weka kumbukumbu zako. Piga picha ratiba, hifadhi ujumbe wa mshahara kwenye simu, na ukikatwa uliza kwa utulivu umekatwa kwa nini. Mambo yakishindikana, afisi ya leba inapokea malalamiko, na madai ya ajira yana muda wa miaka mitatu, usilale. Ukiondoka, hata kama mmekosana, dai cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 kinamlazimu mwajiri kukitoa kwa yeyote aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, kikitaja ulianza lini, ukamaliza lini, na ulikuwa ukifanya kazi gani.