Nani Anapewa Kauli? Sinema ya Uchuuzi na Kumbukumbu ya Vita vya Kagera

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna sinema ya uchuuzi inavyoshughulikia masuala mazito ya jamii, kwa kurejelea filamu ya Rise and Fall of Idi Amin (1981) na vita vya Kagera vya 1978–1979. Hoja ya msingi ni kwamba kasoro ya filamu za aina hii si kuonyesha ukatili, bali ni kumpa mtenda jukwaa lote na kumwacha mtendwa bila jina wala kauli.

Istilahi

Sinema ya uchuuzi ni filamu inayotengenezwa kwa haraka na kwa gharama ndogo, kisha ikauzwa kwa ahadi ya jambo la kushtua: damu, ngono au kashfa. Istilahi "unyonyaji" ingeweza kutumika, lakini katika Kiswahili cha Tanzania neno hilo limebeba maana ya kisiasa tangu Azimio la Arusha la 1967, na humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye jasho la mfanyakazi. "Uchuuzi" linaeleza vyema zaidi. Mchuuzi hazalishi bidhaa. Huipata kwingine, huitembeza na kuiuza rejareja. Bidhaa ya sinema hii ni maumivu ya watu wengine.

Sifa nyingine ya utanzu huu ni dai la kufundisha. Nchini Marekani, filamu ya Reefer Madness (1936) ilijitambulisha kama onyo kwa wazazi kuhusu bangi. Onyo la namna hiyo lilikuwa kibali: liliiwezesha filamu kuonyesha kwa kirefu kile ilichodai kukilaani.

Vita na filamu

Mwezi Oktoba 1978 ndege za Uganda zilishambulia mji wa Bukoba, na kabla ya mwezi kwisha majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameikalia ardhi iliyo kaskazini mwa Mto Kagera. Raia waliuawa, mifugo na mali zikaporwa, na maelfu ya watu wakayakimbia makazi yao. Tanzania ilijibu mashambulizi, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Kwa wakazi wa Bukoba na Muleba, kuanzia kata za mjini kama Buhembe hadi vijijini, hii ni historia ya nyumbani.

Miaka miwili baada ya vita ilitoka filamu ya Sharad Patel, iliyopigwa nchini Kenya, Joseph Olita akiigiza nafasi ya Amin. Filamu inajinasibu kuwa kweli. Denis Hills, Mwingereza aliyehukumiwa kifo nchini Uganda mwaka 1975 kisha akaachiwa, anaigiza nafasi yake mwenyewe. Hata hivyo, matukio yaliyothibitika, kama vile kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, yamewekwa bega kwa bega na uvumi usiothibitishwa: vichwa vya watu ndani ya jokofu na ulaji wa nyama ya binadamu. Mtazamaji hapewi alama yoyote ya kutenganisha ushahidi na uvumi.

Mtenda na mtendwa

Majina ya kazi zinazohusu vita hivi yanabainisha mengi. Filamu ya hali halisi iliyotengenezwa Tanzania mwaka 1980 inaitwa Vita vya Kagera. Jina hilo linataja mahali. Utenzi wa Henry Muhanika wa mwaka 1981 unataja vita vya Kagera kwanza, ndipo anguko la Amin. Jina la filamu ya Patel linamtaja mtu mmoja tu. Kisarufi na kisimulizi, Amin ndiye kiima. Wengine wote ni shamirisho. Vita vinageuka kuwa hatima ya dikteta badala ya kuwa msiba wa wanakijiji.

Mwelekeo huu haukomei kwenye filamu za bei nafuu. The Last King of Scotland (2006), iliyompa Forest Whitaker tuzo ya Oscar, inamtazama Amin kupitia daktari wa kubuni kutoka Uskoti, inauonyesha mwili wa Kay Amin uliokatwakatwa, na hadithi yake inakoma Entebbe mwaka 1976, kabla Kagera haijafikiwa. Ubora wa kisanaa hauondoi uchuuzi.

Suala la lugha

Filamu ya Patel imesemwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza. Uamuzi huo una athari. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la Uganda, na mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Kwa hiyo askari aliyevuka mpaka na raia aliyevamiwa waliweza kuelewana. Amri, tusi na ombi la kuhurumiwa vilipita katika lugha moja. Kiingereza kinaufuta ukaribu huo mchungu, na kumfanya mvamizi aonekane kiumbe wa mbali.

Haki inadai kukiri kwamba Kiswahili nacho kina lawama yake. Neno "nduli", lililoambatanishwa na jina la Amin wakati wa vita, lilikusanya uovu wote ndani ya mwili wa mtu mmoja. Lilifaa kuhamasisha taifa, lakini, kama filamu ya Patel, halikuacha nafasi ya kuuliza ni mfumo gani uliomlea nduli huyo, wala ni nani walimtumikia.

Hitimisho

Katika makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, wamezikwa askari wa Tanzania waliokufa katika vita hivyo. Kumbukumbu yao hutunzwa kwa majina, bila kuonyesha jeraha hata moja. Raia waliouawa kaskazini mwa mto bado wanahitaji kazi ya sanaa itakayowapa nafasi ya kiima. Kigezo cha kuipima kazi hiyo hakitakuwa kiasi cha damu inayoonekana, bali ni iwapo aliyeumizwa anasema, kwa lugha gani, na kwa jina lipi.